Udongo Mweusi Unaofunga Mdomo

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kujaza fomu za upimaji wa udongo, niliandika maneno matatu yaliyoua miembe arobaini: "Maji hupenya haraka." Niliyaandika kwa mwandiko mzuri, baada ya kuhakikisha mara tatu. Udongo wenyewe ulikuwa ule mweusi wa uwandani, kati ya Garsen na Chara, na ilikuwa mwezi wa pili, jua limekausha kila kitu. Nilipigilia pete yangu ya chuma ya kupimia, pana kama ndoo, ardhini, nikamimina maji ndani yake, nikatazama saa. Maji yalitoweka kabla sijafungua daftari. Nikamimina tena, yakatoweka. Mara ya tatu ikawa vilevile. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Sikujiuliza kwa nini pete ilikuwa imekaa juu ya ufa unaoweza kuumeza mkono wangu hadi kwenye kiwiko.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaochukua sepeto baada yangu mtalikuta kwenye faili, na sahihi yangu chini yake. Ni afadhali mlisikie kutoka kwangu.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua inachekesha. Daktari alitazama picha ya mgongo wangu, akaniambia mashimo sasa basi, kwani pingili zangu ni za mtu aliyenizidi umri kwa miaka thelathini. Nilirudisha keekee ya udongo stoo, nikaweka sahihi kwamba nimeirudisha, nikarudi kuangalia tena kama sahihi imekaa mahali pake, kisha nikapanda pikipiki kuelekea nyumbani.

Nyumbani ni Wenje, ukingoni mwa mto. Nilikulia juu ya udongo wa kahawia ambao mto huuacha kila unapofurika: laini, mwepisi, una vimeta vinavyong'aa ukiuelekeza kwenye jua. Ukichomeka mche wa mgomba pale, unaota hata kama huujali. Mimi nilidhani udongo wote duniani ni huo, na kwamba mwingine wowote ni huohuo ulioharibika. Ilinichukua miaka kuliacha wazo hilo, na sidhani kama nimeliacha lote.

Chuo sikusoma. Niliajiriwa kubeba vyombo vya mpima udongo, bwana mmoja mpole aliyependa kufanya kazi bila kusema. Yeye alikuwa akiandika, mimi nikishika kamba ya kupimia. Siku moja alihamishwa, na aliyetakiwa kuja badala yake hakuja. Ofisi ikaniuliza kama naweza kujaza fomu kwa muda. Nikasema naweza. Ule muda ukawa miaka kumi na moja.

Nilijifundisha kwa kitabu kimoja cha mwongozo kisicho na jalada, kilichoanzia ukurasa wa tisa. Mpaka leo sijui kurasa nane za kwanza zinasema nini, na kuna siku nilihisi hakika kwamba humo ndimo lilimokuwa lile jambo moja ambalo kila mtu analijua isipokuwa mimi. Nilikuwa nikipima kina cha kila tabaka mara tatu. Nilikuwa nikinakili fomu upya kwa sababu ya herufi moja iliyoparaganyika. Kwa kuwa sikuwa na cheti, niliamini kosa langu lolote lingekuwa ushahidi kwamba hapa si mahali pangu. Mtu mwenye hofu ya aina hiyo huonekana makini sana. Hasemi "sijui," na huko ndiko anakoharibu kazi.

Nitaje vyombo, maana vitawafaa kuliko hofu zangu. Keekee ni chuma kirefu chenye kichwa cha kuzungusha. Zungusha mara nane kisha uichomoe, ukizidisha itanasa na utapiga magoti mbele yake. Kitabu cha rangi kina vipande vidogo vya rangi za udongo; kisomeni jua likiwa mgongoni, na vueni miwani ya jua. Niliwahi kuandika shimo zima kuwa ni jekundu kuliko lilivyo kwa sababu nilitaka kupendeza. Cha tatu ni mkono wenyewe. Lowesha udongo, uviringishe uwe kamba nyembamba, kisha uikunje iwe pete. Ule wa Wenje hukatika kabla hata haujawa kamba. Mweusi wa uwandani ulijikunja ukawa pete kamili, bila ufa hata mmoja, mgumu na wa kung'aa. Ningeweza kuuvaa kidoleni. Kitabu kilisema maana yake ni mfinyanzi mzito. Nilisoma, nikaandika, kisha siku ileile nikaandika kwamba maji hupenya haraka. Mambo mawili yasiyoweza kukaa kwenye ukurasa mmoja nikayaweka kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri.

Aliyechimba mashimo yangu ni Mzee Galgalo, Muorma, mfugaji, mwembamba kama fimbo yake. Kuchunga ng'ombe kila siku alikuwa amewaachia ndugu zake, na vibarua vya ofisi alivichukua, kama alivyosema mwenyewe, ili apate kuwasikia watu wenye kalamu wakibishana na ardhi. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Wenje. "Ah," akasema, "mtu wa ndizi." Tangu siku hiyo sikuwa na jina lingine. Mimi nilimwita Mzee, yeye akaniita mtu wa ndizi, hata mbele ya wakubwa.

Katika shimo la kwanza la udongo mweusi, karibu mita moja kwenda chini, kisu changu kiligonga kitu kigumu. Nikakitoa polepole kwa brashi. Kilikuwa cha mviringo, cheupe, kina matundu manne. Nilianza kufikiria watu wa kale, na makazi yaliyofukiwa na mto. Nilikuwa nimekwisha kuandika "kitu cha kale" kwenye daftari, Mzee Galgalo alipoinama juu ya shimo.

"Hiyo ni kifungo ya shati," akasema.

"Mita moja chini, Mzee?"

"Kwani kifungo iko na mbawa? Ilianguka."

Alinionyesha nyufa. Kiangazi, udongo ule hunywea na kupasuka hadi chini, na kila kinachopita juu huangukia ndani: majani makavu, mavi ya mbuzi, chenga za udongo wa juu, kifungo cha mtu. Mvua ikija, udongo hunywa, huvimba na kuzifunga nyufa, na vilivyoanguka hubaki tumboni. Lakini pale chini sasa pamejaa kuliko mwanzo, hivyo udongo hujisukuma wenyewe kando na kwenda juu. Wa chini hupanda, wa juu hushuka. Hakuna jembe wala trekta. Kitabu changu kisicho na jalada kilikuwa kimeeleza hayo yote ukurasa wa sitini na kitu, na nilikuwa nimepasoma mara kadhaa. Ila kusoma ni kitu kimoja, na kusimama ndani ya shimo ukijua kwamba kuta zilizokuzunguka zimo safarini ni kitu kingine. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ardhi ndiyo inayotulia na sisi ndio tunaohangaika juu yake.

Sasa miembe. Upande wa Chara kuna kitongoji cha wakulima Wagiriama, ambao wazee wao walitoka kusini wakafuata mto. Mmoja wao ni Mekadzo, yaani mama yake Kadzo, mjane mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Alinikuta nikifunga vyombo, akaniuliza kama ule uwanda mweusi nyuma ya shule ungefaa kwa miembe. Alikuwa amekuza miche arobaini mwenyewe, kokwa moja moja, kwenye mifuko ya maziwa. Nilifungua fomu yangu nikamsomea. Maji hupenya haraka, mama. Mizizi haitazama.

Masika yalipoanza, nyufa zilifunga kwa siku chache. Maji yakakaa juu ya ardhi kama kwenye sahani. Miche ilisimama ndani ya maji wiki tatu, ikawa ya manjano, kisha ikawa vijiti. Nilipopita pale alikuwa anaing'oa. Aliniuliza, bila ukali wowote, imekuwaje. Na mimi nikamjibu: "Labda miche yenyewe ilikuwa mibovu, mama."

Kosa la pete ya chuma nimejisamehe. Hilo la pili, bado.

Mzee Galgalo alikuwa amesimama nyuma yangu. Tulipofika kwenye gari, akasema: "Hii udongo iko na mdomo. Wewe umepima mdomo ikiwa wazi, ukaandika habari ya tumbo."

Baada ya hapo nilipatwa na ugonjwa wa kupima. Nilichagua mahali pamoja uwandani, nikaweka vigingi, na kila Alhamisi nilipeleka waya mnene ndani ya nyufa kumi zilezile ili nijue kina chake. Nilichimba mashimo mawili zaidi ili nilinganishe: moja ukingoni mwa mto, kwenye udongo wa kahawia kama wa kwetu, na jingine kwenye mwinuko wa mchanga mwekundu ulio mbali kidogo na barabara. Mashimo matatu chini ya mbingu moja. Kipima mvua cha ofisi kilikuwa Garsen. Nikatengeneza changu cha chupa nikakiweka uwandani, kwa sababu sikuamini kipimo chochote nisichokiona kwa macho yangu.

Alasiri moja mvua iliyanyeshea yote matatu kwa zamu, nami nikakimbia na pikipiki kutoka shimo moja hadi jingine kama mtu aliyeitwa misiba mitatu. Mchanga mwekundu uliipokea mvua bila kelele. Nilipofika uso wake ulikuwa karibu mkavu, na unyevu umeshuka zaidi ya shibiri mbili. Udongo wa ukingoni ulikunywa polepole ukawa mzito na baridi, unanukia kwetu. Ule mweusi ulikuwa umekunywa kwa pupa mwanzoni, kisha ukafunga. Maji yalisimama juu yake, na chini ya maji hayo, kwa kidole kimoja tu cha kina, kulikuwa na udongo mkavu. Mvua moja, majibu matatu. Niliketi kwenye matope nikacheka peke yangu. Niliona kwamba fomu zangu zote zilikuwa zikiuliza udongo ni wa aina gani, na hakuna iliyouliza unafanya nini.

Nikadhani sasa nimeuelewa. Nina kina cha nyufa, nina mvua ya chupa yangu, kimoja kitaeleza kingine. Na kwa miezi kadhaa ilikuwa hivyo. Mvua inakuja, nyufa zinafunga. Jua linarudi, zinafunguka. Nilichora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba na kuitazama kama picha ya harusi.

Kisha vuli ikachelewa. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, kipima mvua changu hakijapata hata tone kwa wiki nyingi, juu ya ardhi vumbi linapeperuka. Alhamisi hiyo niliingiza waya kwenye ufa wa kwanza, ukasimama nusu ya njia. Wa pili vilevile. Zote kumi. Nilidhani waya umepinda, nikaunyoosha juu ya jiwe. Nilidhani nimekosea vigingi, nikahesabu upya. Nilishuku chupa ya mvua kwamba inavuja, kisha nikajishuku mwenyewe, jambo lililonijia kwa urahisi zaidi. Nilikuwa tayari kuifuta Alhamisi hiyo kwenye daftari, niandike kwamba sikuenda.

Mzee Galgalo alikuwa ameketi juu ya dumu la maji akinitazama. Nikamwambia nyufa zinafunga bila mvua.

"Ng'ombe nimetoa Jumamosi," akasema.

"Umewatoa kwa nini? Hakuna wingu."

"Mto imenyeshewa."

"Wapi?"

Akaelekeza kidevu upande wa kaskazini na magharibi, juu kabisa, kana kwamba anataja duka la jirani. Ndugu yake alikuwa amempigia simu kutoka upande wa Bura, mto umeinuka na rangi imegeuka. Hilo tu lilimtosha kuanza kuhamisha mifugo, kwa sababu ng'ombe aliyekutwa uwandani udongo ukifunga mdomo hunasa miguu yote minne na hatoki. Lakini simu haikumtosha kumaliza; alitaka kwanza kujua kama maji yamefika chini ya nyufa. Alisimama, akachukua fimbo yake ya kuchungia, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu karibu miaka miwili. Fimbo ilikuwa na alama ya kisu, iliyokatwa juu kidogo ya katikati. Aliiteremsha kwenye ufa akiizungusha taratibu kuupita ule mfinyo uliokataa waya wangu, mpaka alama ikalingana na ardhi. Akaichomoa.

Ncha yake ilikuwa imelowa. Tope jeusi, jipya, linang'aa juani.

Mvua ilikuwa imenyesha Mlima Kenya na Nyandarua, mahali ambapo sijawahi kufika. Ilikuwa imeteremka siku nyingi ndani ya mto, ikaingia kwenye mikondo ya zamani iliyokauka, na kutoka huko ikapenyeza ndani ya nyufa kwa chini, pasipo mtu kuiona. Tulikuwa tumesimama kwenye vumbi, jua likituchoma utosini, na chini ya miguu yetu ardhi yote ilikuwa inakunywa. Uwanda mzima, kadiri jicho linavyofika, unavimba kimyakimya. Nilipiga goti nikaweka kiganja juu yake. Sikuhisi chochote, bila shaka. Lakini sikuweza kukiondoa mkono.

"Unasali?" Mzee Galgalo akauliza.

Nikamwambia napima. Akasema mtu wa ndizi hata akisali anapima.

Nilimwendea mtu anayesoma nguzo ya kupimia mto darajani Garsen, mtu mwenye daftari nyingi na wageni wachache. Alifurahi sana kuulizwa kitu. Nilinakili kina cha mto cha kila siku, nikakiweka kando ya nyufa zangu. Kila mstari wa mto ulipopanda, ule wa nyufa ulishuka siku chache baadaye. Nikamwomba Mzee Galgalo anitajie kila safari aliyohamisha ng'ombe katika miaka ile miwili. Alizikumbuka zote, kwa majina ya ng'ombe waliokuwa na mimba. Nilipoziweka kwenye karatasi, kila moja iliangukia katikati ya mistari ile: baada ya mto kupanda, kabla ya udongo kufunga. Mimi nilikuwa nimelinganisha udongo na mbingu iliyo juu yake. Udongo huu una mbingu mbili, na iliyo kubwa haionekani kutoka Garsen.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda siku hiyohiyo kumweleza Mekadzo. Sikwenda. Niliandika ripoti mpya, nzuri sana, nikaipeleka ofisini. Ile karatasi ya mwaka wa kwanza niliiacha kwenye faili, na nikajiambia kwamba hakuna anayesoma faili za zamani.

Mwaka uliofuata mto uliingia tena kwenye nyumba za kitongoji chao, na wakaamua kuhama wote pamoja. Mahali palikuwa pawili: ule uwanda mweusi nyuma ya shule, au mwinuko mwekundu. Karibu kila mtu aliutaka uwanda. Upo karibu na shule na barabara, udongo wake una nguvu, unaotesha mpunga mtu akipenda. Mwekundu ni mbali, mkavu, na maji ya kisima chake yana chumvi. Wengine walikuwa wamekwisha kukata fito. Mkutano ulifanyika ndani ya darasa, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, na mimi na Mzee Galgalo tukaketi nyuma kabisa. Tulikuwa tumeitwa kama wageni.

Naibu chifu alifungua faili. Akasema wataalamu walikwisha kupima uwanda ule, akasoma: "Maji hupenya haraka."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee Galgalo hakugeuka. "Hiyo ni karatasi yako," akasema polepole.

Sijui kama mnaijua hali hiyo, ya kuona sahihi yako ikikaribia kuwalaza watu ndani ya maji. Niliona hesabu yake yote kwa wakati mmoja: nikinyamaza, watajenga, wakijenga kiangazi, kila kitu kitakaa sawa, kisha siku moja, bila wingu, udongo utaanza kuvimba chini ya vitanda. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa sentensi kuhusu taarifa mpya zilizopatikana. Iliyotoka si hiyo. Nilisema karatasi ile niliiandika mimi, na si kweli.

Mwanamume mmoja karibu na dirisha akauliza kama serikali ina karatasi nyingine ya kweli, au zote anaziandika huyu. Watu wakacheka. Mekadzo, aliyekuwa dawati la mbele, hakucheka. Aligeuka na mwili wote.

"Komora," akasema. Lilikuwa jina langu halisi, na sikujua kwamba analijua. "Miche yangu ilikuwa mibovu?"

"Hapana, mama. Miche ilikuwa mizuri. Niliyekosea ni mimi, na nilijua, nikakuficha."

Nilitamani anitukane, mambo yaishe. Alichosema ni: "Twende kwenye hilo shimo lako."

Tulikwenda karibu mkutano mzima. Shimo la uwandani lilikuwa bado wazi, limezungushiwa miiba. Nilimshika Mekadzo mkono akashuka, nikampa kisu, nikamwonyesha mahali pa kubanjua, chini ya kiuno. Bonge lilitoka na kuacha uso laini unaong'aa, wenye michirizi yote ikielekea upande mmoja, kama ubavu wa chungu kilichosuguliwa kwa jiwe. Akapitisha kidole.

"Nani amepaka mafuta huku?"

Nikamweleza kwamba ni udongo wenyewe, unajisugua. Ukivimba hauna pa kwenda, kipande kinapanda juu ya kipande. Kila mwaka. Aliendelea kupitisha kidole, huku na huko, polepole, na niliona usoni mwake kitu kilekile kilichonipata mimi siku ya kifungo. Kwa muda hakukumbuka miembe wala mimi.

"Na nyumba ikikaa juu yake?"

Mzee Galgalo alijibu kutoka juu. Aliwaonyesha uzio wa shule, nguzo zilizosimikwa wima miaka michache tu iliyopita, sasa kila moja imeinamia upande wake. "Nyumba nayo inasuguliwa," akasema. "Ng'ombe yangu miguu nne inashindwa. Nyumba haina hata miguu."

Mekadzo akapanguza kidole kwenye kanga. "Safari hii una hakika?"

Hapo zamani ningesema ndiyo. Nikamwambia nina hakika na yale niliyoyaona kiangazi na mvua, mwaka huu na uliopita. Yale ambayo sijayaona, siyajui.

"Maneno hayo," akasema, "ndiyo ungeniambia siku ile."

Walijenga kwenye mwinuko mwekundu. Si wote waliofurahi; yule mwanamume wa dirishani aliniita Bwana Chumvi kila nilipopita, kwa sababu ya kisima. Masika ya mwaka wa pili baada ya hapo mto ulikuja. Mimi na Mzee Galgalo tulisimama asubuhi ukingoni mwa mwinuko, ng'ombe zake nyuma yetu, kuku za Mekadzo miguuni. Mbele yetu uwanda wote ulikuwa maji, tulivu, ya rangi ya chai, kutoka chini ya mwinuko hadi upeo. Uzio wa shule ulionekana kwa vichwa tu. Mahali nilipowahi kupigilia pete yangu palikuwa huko chini, mdomo umefungwa. Nilichota maji kiganjani nikayaacha yatulie. Yalibakiza tope laini, lenye vimeta. Milima ambayo sijawahi kuiona ilikuwa mkononi mwangu, ikielekea kuwa udongo. Mzee Galgalo naye alichota, akatazama, akamwaga. Hakunitania. Ni mara moja tu katika miaka kumi na moja.

Yaliyobadilika ni haya. Zamani tulichimba shimo mara moja, kiangazi, kwa sababu ndipo gari lilipoweza kufika. Sasa kila shimo la udongo mweusi hufunguliwa mara mbili, kiangazi na baada ya mvua, na fomu ina mstari wa mwezi. Karibu na mvua ya hapa pana nafasi ya kina cha mto. Chini yake pana mstari ulioandikwa "Yasiyojulikana," na fomu isiyo na kitu hapo hurudishwa. Karatasi yangu ya kwanza haijatolewa kwenye faili. Nimeipiga mstari mmoja mwekundu, maneno bado yanasomeka, na kando yake nimeandika kwa nini. Mekadzo hulima mpunga kwenye mweusi na hulala juu ya mwekundu. Amepanda miembe mingine nyuma ya nyumba, kwenye mchanga. Mwaka huu mitatu imezaa.